Maji Yalikuwa Nyuma Yetu

Jumanne ya wiki iliyopita, saa moja na robo asubuhi, nilikuwa nimekaa barazani nafunga kamba za viatu, jirani yangu akanipigia simu kuniuliza kama nimekwishatoka. Nikamwambia bado. Akasema, "Basi usitoke. Yule dada mnayekimbia naye Jumapili ameonekana huku kwenye mashamba ya chumvi. Amekaa chini, ameegemea mnazi. Wanawake waliokuwa wanakwenda kuokota chaza wamemsalimia, hakuitika." Nilibaki na kiatu kimoja mguuni. Naona haya kuwaambia ninyi mnaonisoma kila wiki kwamba jambo la kwanza nililofanya halikuwa kumlilia. Niliweka mkono kifuani nikasikiliza kama moyo wangu mwenyewe unapiga.

Nilimfahamu miaka tisa iliyopita kwenye dirisha la maabara, hapa hapa Kilwa Masoko. Yeye ndiye aliyekuwa akipima damu, na mimi nilipelekwa pale na kiu isiyokatika na miguu iliyokuwa ikiwaka moto. Alinichoma kidoleni, akatazama kipimo, kisha akanitazama mimi. "Kaka, wewe unakunywa chai au unakunywa sukari?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa amenizidi umri kwa miaka saba, mwanamke mwembamba wa Kimatumbi aliyekulia Kipatimu, akikimbia kila siku kwenda shule ya misheni na kurudi, kupanda na kushuka vilima. "Kesho saa kumi na mbili asubuhi nikukute Jimbiza, ufukweni," akasema. "Na usije na kandambili." Nilikwenda kwa sababu niliogopa kukatwa mguu kama alivyokatwa baba yangu. Huo ndio ukweli. Sikuanza kukimbia kwa kupenda.

Njia zake zilikuwa tatu, na sijui mtu mwingine katika mji huu aliyezijua kama yeye. Ya kwanza ilifuata ufukwe mpaka soko la samaki, mchanga mgumu wakati maji yametoka, unaona nyayo zako mwenyewe unaporudi. Ya pili ilipita kando ya uwanja wa ndege, nyasi fupi zenye umande, na vipanga wamekaa juu ya nguzo. Ya tatu ndiyo nzuri kuliko zote. Inakatiza mikorosho, inapita kati ya minazi, halafu ghafla nchi inafunguka. Mbele yako ni mashamba ya chumvi yanayong'aa kama bati jipya, na baada ya hapo uwanda mtupu wa tope kavu mpaka kwenye mikoko, kaa wekundu wanakimbia kila upande, korongo weupe wanainuka mmoja mmoja. Hakuna kilima wala tuta, isipokuwa kingo za majaruba ya chumvi zenye kimo cha goti. Wageni husema ni mahali pa kupigia picha. Yeye alisema ni mahali pa kutazama saa.

Niwaambie kwa nini. Jumapili moja ya kipupwe tulipatana kwenda mpaka mwisho wa njia hiyo ya tatu, kwenye mikoko, saa nne asubuhi, wakati maji yako mbali. Mimi nilialikwa shughuli ya ndugu, nikala, nikapiga soga, nikatokea saa saba na nusu. Nilimkuta amekaa mlangoni kwake. "Leo tumechelewa," akasema. "Ni bamvua, maji yanajaa kuliko siku nyingine. Twende ufukweni tu." Nikamwambia mimi ni mtoto wa pwani, maji hayo nayajua tangu sijazaliwa, na kuanzia pale mpaka kwenye mikoko ni mwendo mfupi. Alifunga kilemba chake vizuri, akasema haya. Mpaka leo najiuliza kwa nini alinikubalia. Nadhani hakutaka kunivunjia heshima, na heshima hiyo ingetuua.

Tulikwenda vizuri. Tulivuka mkondo mmoja uliokuwa mkavu, tukafika kwenye mikoko, nikasimama kutweta na kufurahia upepo. Bahari niliiona mbele yangu, mbali, imetulia. Nikamwambia, "Unaona? Maji yako kule." Yeye alikuwa ametazama tulikotoka. "Kaka," akasema kwa sauti ndogo, "maji yako nyuma yetu."

Nilikuwa nimezaliwa pwani na sikuwahi kuliona jambo lile. Kwenye nchi tambarare maji hayaji kama adui anayekushambulia usoni. Yanaingia kwa njia zake, yanapita kwenye mikondo, yanajaza mabonde ambayo jicho lako halikuyaona, na wewe unapotazama bahari yenyewe, yamekwishakuzunguka. Mkondo tuliouvuka kwa miguu mikavu ulikuwa umekuwa mto. Tulikimbia kuufuata, maji yakafika magotini, yakafika mapajani, yakaanza kuvuta. Nikamuuliza kama anajua kuogelea. "Mimi mtu wa milimani, nitajulia wapi? Na wewe?" Nikasema nilijua zamani. Akasema, "Basi turudi kwenye mti."

Tulipanda mkoko mmoja mzee, kuuita mti ni kwa heshima tu, tukasimama kwenye mizizi na kushikilia matawi. Maji yalitupanda mpaka kifuani. Nikamuuliza, "Humu kuna mamba?" Akajibu, "Usiniulize." Nikaanza kusoma dua nilizozisahau tangu madrasa, nikizichanganya. Yeye alikuwa akisali Salamu Maria kwa kunong'ona, akifika katikati anasimama na kuniuliza, "Upo?" Nasema nipo. Anaendelea. Tulikaa hivyo zaidi ya saa mbili. Katikati ya hofu ile akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. "Kule kwetu kukiwa na hatari watu hupanda juu. Hata bibi zetu walipona kwa kupanda juu. Nilipohamishiwa huku, usiku wa kwanza sikulala. Nilitazama huku na huku, sikuona pa kukimbilia. Kila siku ninapokimbia hapa naogopa." Nikamuuliza, kama ni hivyo, kwa nini anakimbia. Akasema, "Nikikaa ndani hofu haipungui. Naogopa vile vile, tena na miguu imelala."

Jua lilipokuwa linakaribia kuzama, maji yalianza kutuachia, kwanza tumbo, kisha magoti. Tulirudi tumekatwakatwa na chaza miguuni. Mlangoni kwake nikamwomba radhi. Akasema, "Siku nyingine nikisema tumechelewa, tumechelewa." Hakulitaja tena, wala hakunicheka mbele ya watu.

Sasa amefariki, na mji umeshatoa hukumu yake. Nimeisikia sokoni, msikitini, kwenye kijiwe cha bodaboda. Mmoja aliniambia huku akiniwekea tende mkononi, "Si umeona? Mbio zimemuua. Mwanamke mzima, mjukuu nyumbani, anakimbia nini?" Nikaila ile tende. Natamani ningejibu, lakini ndani yangu kulikuwa na sauti ikisema huenda anasema kweli. Tumekuwa watu wa kupanda pikipiki kwenda dukani hatua mia. Kisukari kimeingia karibu kila nyumba ya mtaa wangu, na tunakihesabu kuwa ni kudra. Njia ya pili imeanza kuwekewa seng'enge na watu wenye viwanja. Anayekimbia anaulizwa anafukuzwa na nani. Na anapoanguka mmoja aliyekuwa akikimbia, sote tuliokaa tunapumua, kana kwamba tumeshinda kesi.

Tulimzika kwao Kipatimu. Gari lilipanda barabara mbovu ile kwa saa nyingi, na niliposhuka nikaona vilima vimejipanga mpaka mwisho wa macho, nikaelewa alichokuwa akikikosa. Baada ya maziko binti yake aliniita pembeni. "Mjomba, mama alijua," akasema. "Moyo wake ulikuwa umepanuka. Daktari alimwambia miaka sita iliyopita, akamruhusu kukimbia polepole." Nikamuuliza kwa nini mimi hakuniambia. "Alisema wewe ungeacha kukimbia kwa hofu." Akafungua mkoba akanionyesha kikaratasi. Kila asubuhi, akasema, mama yake aliacha kimoja mezani, kinachotaja njia na saa ya kurudi. Cha Jumanne kilisomeka: Napita chumvi. Narudi saa moja kasorobo. Nikichelewa mniangalie. "Nilimwangalia," binti akasema. "Nilikuwa njiani tayari wale mama waliponipigia. Nilimkuta bado ana joto. Nikamshika mkono." Akalia, nami nikalia, kwa mara ya kwanza tangu ile simu.

Nilikuwa nikidhani alikuwa jasiri na mimi mwoga. Kumbe sote wawili tuliogopa. Tofauti ni kwamba yeye hofu yake aliiandika, akaiacha mahali watu wake wataiona, halafu akatoka. Mimi yangu nimeificha miaka yote, chini ya maneno ya mtoto wa pwani.

Jumamosi niliamka, nikamwambia mke wangu, "Napita ufukweni mpaka soko la samaki. Saa moja na nusu nimerudi." Akaacha kupepeta mchele. "Miaka tisa unatoka humu ndani," akasema, "leo ndiyo mara ya kwanza unaniambia unakwenda wapi." Nilikimbia kidogo, nikatembea zaidi. Kila kifua kiliponibana nilisimama, nikangoja, nikajiuliza kama ni moyo au ni woga. Nilirudi saa moja na dakika ishirini, nikamkuta amesimama njiani.

Ninyi mnaotoka alfajiri peke yenu, na ninyi mnaotaka kuanza ila mnaogopa, sina cha kuwaambia kuhusu ujasiri, sinao. Mwambieni mtu njia mnayopita na saa mtakayorudi. Mimi kesho napita kwenye chumvi. Mke wangu anajua.