Swali Ambalo Mwalimu Theuri Hakuliuliza

Wachuka alikuwa na miaka thelathini na minne alipoamua kusoma Kiingereza upya, na waliomcheka walikuwa wengi kuliko waliomtia moyo. Wacha wacheke. Kwa miaka mingi alikuwa mhudumu wa wodi ya kina mama katika hospitali moja mjini Nyeri. Kazi yake ilikuwa kupiga deki, kubeba ndoo na kufua mashuka, lakini wauguzi walipozidiwa ni yeye aliyemshika mkono mama mwenye uchungu na kumwambia apumue polepole. Watoto wengi wa Nyeri walimwona yeye kabla ya kuwaona mama zao, ila kwenye karatasi hakuwepo.

Mwaka huo wa 1968 hospitali ikatangaza kwamba wahudumu wangeweza kuomba nafasi ya kusomea ukunga. Masharti yalikuwa mawili: uwe hujatimiza miaka thelathini na mitano, na upite mtihani wa Kiingereza, wa kuandika na wa kuzungumza. Kwa Wachuka ilikuwa sasa au basi tena. Akianguka, angezeeka na ndoo yake.

Kiingereza alichokuwa nacho kilikuwa cha shule ya msingi, na kilikuwa kimeshaota kutu. Mumewe, Wamae, aliyeendesha lori la mbao huko Nanyuki na kurudi nyumbani Jumamosi, ndiye aliyemwambia avuke barabara hapo kwao Mweiga aende kwa Mwalimu Theuri.

Moffat Theuri alikuwa amestaafu ualimu lakini hakuwa amestaafu ukali. Alikaa peke yake hapo Mweiga na shamba lake la viazi, na majirani walipita mbali na ua wake wasije wakasahihishwa.

"Mama Wangechi," alimwambia Wachuka, akimwita kwa jina la kifungua mimba wake kama watu wote walivyomwita, "mtihani si kitu ya kuogopa. Mtihani ni maswali. Ukijua maswali yote, mtihani imeisha."

Na aliliamini hilo kabisa. Alikaa chini akatafuta kila swali ambalo mtu mwenye heshima zake angeweza kumwuliza mwanamke mwenye heshima zake. Jina lako nani? Unatoka wapi? Kwa nini unataka kuwa mkunga? Eleza njia ya kutoka hapa hadi sokoni. Mvua ya mwaka huu imekuwaje? Wachuka alijibu akiwa amesimama wima, mikono nyuma, huku mwalimu ameketi juu ya gunia akichagua viazi vya mbegu. Kila kosa lilikuwa kiazi kimoja ndani ya karai, na somo likiisha Wachuka alivimenya vyote kabla ya kwenda zake. Mwezi wa kwanza wa masomo Theuri alikula viazi mpaka akachoka. Kufikia mwezi wa nne alianza kulalamika kwamba siku hizi anajimenyea mwenyewe.

Nyumbani hapakuwa na wa kuzungumza naye, kwa hiyo alizungumza na ng'ombe. Alimkamua huku akimweleza njia ya sokoni, akamsimulia habari za mvua, akamwomba radhi kwa kuchelewa. Ng'ombe mwenyewe walikuwa wamemnunua kwa mzungu aliyeuza shamba na kurudi kwao baada ya Uhuru.

"Huyo anakijua kukushinda," Wamae alimtania. "Mwangalie masikio. Hapo umekosea."

Mtihani wa kuandika aliufanya mwezi wa Julai, akaupita. Si kwa kishindo, lakini alipita. Ukabaki ule wa kuzungumza, ambao ndio uliowaangusha wengi, kwa sababu kalamu inakupa nafasi ya kufikiri, lakini mtu anakukodolea macho.

Alipanda lori la maziwa hadi Nyeri asubuhi moja ya Agosti, baridi ikikata masikio, akiwa amevaa sweta yake ya kanisani. Mtahini alikuwa mama wa Kizungu kutoka Nairobi, Misi Pickard, mwenye mvi na miwani. Niseme mapema kwamba hakuwa mtu mbaya. Alimkaribisha kiti, akamwuliza jina. Wachuka akajibu. Akamwuliza anakotoka, akajibu. Akamwuliza kwa nini anataka kuwa mkunga, na Wachuka akajibu vizuri mpaka yule mama akatabasamu. Mvua nayo ikaja, kama Theuri alivyotabiri. Wachuka akaanza kujiambia kwamba mambo yamekwisha.

"Na una watoto wangapi?" akauliza Misi Pickard.

Ulimi wa Wachuka ukagoma.

Kwetu Wakikuyu watu hawahesabiwi namna hiyo. Ng'ombe wenyewe mtu hawataji idadi kwa sauti, sembuse watoto. Utasema Mungu amekujalia, utasema wapo wa kukuchotea maji, na mwenye adabu ataishia hapo. Theuri hakuwa amelisahau swali hilo. Halikumjia hata siku moja, kwa kuwa hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angeliuliza.

Tena Wachuka alikuwa na sababu yake mwenyewe. Wakati wa sensa ile ya kabla ya Uhuru, karani alikuja mpaka mlangoni akataka namba, na Wachuka, kwa kumwogopa yule mtu wa serikali, akasema, "Wanne." Hata mahindi hayakuwa yamevunwa, surua ikamchukua Kingori, mvulana wake wa kwanza, aliyekuwa amepewa jina la babu yake, baba wa Wamae. Wachuka alikuwa mtu wa kanisa, na alikuwa amekaa hospitalini muda wa kutosha kujua surua ni nini. Alijua kabisa kwamba namba haiui mtoto. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kulifungua tena domo ni kitu kingine.

Misi Pickard alirudia swali, polepole na kwa sauti kubwa zaidi, kama mtu anayesema na kiziwi. Kisha akaandika kitu. Wachuka akaiona ile kalamu ikitembea, akaelewa: huyu anadhani sijui Kiingereza. Miezi yote ile ya viazi ilikuwa inakwenda na maji hapo mbele ya macho yake, kwa neno moja ambalo hata mtoto wa chekechea analijua. Akisema watatu, atakuwa amemzika Kingori mara ya pili. Akisema wanne, atakuwa amerudia lile lile alilomwambia karani, na hao waliobaki wako nyumbani wanakata majani ya ng'ombe.

"Bibi," alisema, "swali nimelisikia na nimelielewa. Kwetu hatuhesabu watoto. Tunaogopa. Lakini nitakuambia majina yao."

Kalamu ikasimama.

"Wa kwanza ni Wangechi, ana jina la bibi yake. Anapika vizuri kuliko mimi na anajua kwamba anapika vizuri. Anayemfuata ni Kingori." Jina hilo hakuwa amelitamka kwa sauti tangu siku ya mazishi, wala yeyote pale nyumbani, na sasa lilikuwa limetoka kwa lugha ya wageni, mbele ya mgeni. "Kingori alipenda kufungua lango la ng'ombe kabla hajaambiwa. Tulimgombeza kila siku. Alikufa kwa surua. Anayemfuata ni Murugi, anaongea sana. Wa mwisho ni Simeon. Huyo bado analala na mimi baba yake akiwa kazini."

Misi Pickard alivua miwani. Kisha akauliza, kwa sauti yake ya kawaida, "Na ukiwa mkunga, ambapo lazima ujue mama amezaa mara ngapi, utafanyaje?"

"Akiwa mtu wa kwetu, sitamwuliza ni wangapi. Nitamwuliza nani alimfuata nani. Atanisimulia mwenyewe, hata waliokufa, na mimi nitahesabu kimoyomoyo."

"Asante," alisema yule mama. "Unaweza kwenda."

Kwa Wachuka, asante ile ilikuwa ya kufukuzwa. Alirudi Mweiga akiwa na hakika ameanguka. Theuri alikuwa anamngoja langoni na kofia mkononi.

"Alikuuliza nini?"

"Aliniuliza niko na watoto wangapi."

Theuri aliketi juu ya jiwe. "Ati aliuliza hivyo? Mtu mzima?"

"Aliuliza. Mara mbili. Ungejibu nini, Mwalimu?"

Mzee yule, aliyeongea Kiingereza kama maji, alifikiri weee mpaka akachoka. "Ningemwambia sijui Kizungu," akasema.

Wachuka alicheka, kisha akalia hapo hapo barabarani, na Theuri, asiyejua la kufanya na mwanamke anayelia, akamfungia viazi kwenye gazeti akampa.

Wiki kadhaa baadaye metroni, mkuu wa wauguzi, alimwita Wachuka ofisini, naye akaingia bado amevaa glavu za kufulia. Akaambiwa amepita, na kwamba katika kuzungumza hakuna aliyemshinda. Masomo yataanza Januari. Wachuka alisema asante kwa Kiingereza, Kiswahili na Kikuyu, akatoka, akasahau ndoo mlangoni, na metroni akajikwaa juu yake.

Jumamosi Wamae, aliyekuwa ameshapata habari kwa madereva wenzake, alifika na mkate na nusu kilo ya nyama, akiwaambia wote aliowapata njiani kwamba mkewe amepita. Chai ilipomiminwa, alimwangalia mkewe kama anayemwona upya.

"Hebu niambie. Kwani uliwaambia nini hao wazungu?"

Wachuka alikuwa hajamwambia, kwa kuwa alidhani ni habari ya kushindwa. Sasa akamweleza: swali, kalamu, majina. Alipofika kwa Kingori, Wamae aliweka kikombe chini.

"Ukamtaja?"

"Nikamtaja. Sikuweza kumruka."

"Ukasema alikuwa aje?"

"Nikasema alipenda kufungua lango kabla hajaambiwa."

Wamae aliinamisha kichwa. Yeye ndiye aliyelichimba lile kaburi, kwa jembe lake mwenyewe, na tangu hapo alikuwa akilizunguka jina hilo kama mtu anavyozunguka shimo.

"Yote hayo kwa Kizungu," akasema.

"Yote."

"Basi niambie na mimi," alisema, na sauti yake haikuwa ya utani tena. "Kwa lugha yetu."

Wachuka akavuta kiti karibu, akaanza na siku aliyozaliwa Kingori.