Mkutano Ulioletwa Mlangoni Pangu

Mume wangu alifariki tarehe tisa ya mwezi wa Shaabani, Januari ya mwaka 1995, nami nikaingia eda katika nyumba yetu ya Mji wa Kale. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki ila kwa dharura. Kutotoka hakukunielemea. Nilichohofia kukosa ni habari, na hizo zililetwa na baraza.

Baraza letu ni la mawe, limeshikana na ukuta wa mbele, kando ya mlango. Kila siku baada ya alasiri mume wangu aliketi hapo na marafiki zake watatu, wakinywa kahawa. Alipozikwa, wenzake hawakuhama. Waliiacha wazi nafasi yake, ile ya karibu na mlango, wakaanza kuzungumza kwa sauti kubwa isiyolingana na heshima yao. Nilidhani masikio yao yamechoka. Baadaye nikatambua kwamba walikuwa wakizungumza ili nisikie mimi niliye ndani, bila ya kuvunja adabu kwa kuniita. Bei ya samaki aina ya changu sokoni, nani ameposa na nani amekataliwa, yote yalinifikia.

Mwezi wa Machi, wiki iliyofuata Idi, tangazo likabandikwa kwenye ukuta wa duka linaloelekeana nasi. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliniletea nakala. Nikaisoma mwenyewe. Nilijifunza kusoma mwaka 1979, katika masomo ya ngumbaro, nikiwa tayari mama wa watoto wanne, na tangu hapo sijasomewa karatasi na mtu. Serikali ilikuwa na fedha za kupanua njia yetu ili ipitishe lori, na chini yake kuchimba mtaro wa maji ya mvua. Mabaraza yote yaliyotokeza njiani yangekatwa. Kwa kuwa yalikuwa ndani ya hati za nyumba zetu, kila mwenye nyumba alitakiwa afike mkutanoni na kutoa kauli yake. Asiyefika angehesabiwa ameridhia, na mmoja akikataa kazi yote ingesimama.

"Nitakusemea," shemeji akaniambia.

"Utasema langu au lako?"

"Shemeji, mtaro twauhitaji. Kila masika maji yaingia majumbani, twalala na ndoo."

"Basi usinisemee. Waambie tu kwamba mwenye nyumba yupo."

Yaliyotokea ukumbini nilisimuliwa na shemeji, kisha na wale marafiki watatu, kila mmoja na nyongeza yake. Mhandisi wa serikali alikuwa kijana wa bara, mpole, aliyeita nyumba moja moja. Alipofika kwangu akaandika kwamba mwenyewe hayupo.

"Yupo," shemeji akasema.

"Yuko wapi?"

"Nyumbani."

"Ni mgonjwa?"

"Mzima wa afya."

"Si basi aje?"

"Hatoki."

Ukumbi ukacheka. Mhandisi akadhani anafanyiwa mzaha, mpaka mmoja wa wale marafiki wazee alipomfafanulia mambo ya eda.

"Na atatoka lini?"

"Siku kumi baada ya Arafa. Mei, Mungu akipenda."

Mhandisi akasema hawezi kungoja hivyo. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa Juni, na fedha ambazo hazijapangiwa kazi mapema hurudi zilikotoka.

"Bwana, yeye ana eda, wewe huna," yule mzee akamjibu. "Basi wewe ndiye wa kwenda."

Akaja alasiri hiyo hiyo, na nusu ya mkutano nyuma yake. Mimi nilikuwa nimekaa ndani ya mlango, pazia limeshushwa. Nikasikia salamu, kisha miguu ikisitasita mbele ya baraza. Nikaelewa. Palikuwa na nafasi moja tu iliyo wazi barazani, na hakuna aliyethubutu kumkaribisha hapo.

"Muacheni akae," nikasema. "Mgeni hasimami mlangoni pangu."

Akakaa mahali pa mume wangu, akapewa kahawa. Alinieleza mpango wote kwa utaratibu, asifiche kitu. Nikamuuliza kama mtaro waweza kuchimbwa na njia ikaachwa ilivyo.

"Mama, hiyo siwezi. Hii pesa imetengewa barabara ya magari. Nikipunguza upana, inarudi Nairobi."

"Na pesa za mtaro peke yake?"

"Hizo ni za ofisi nyingine. Na hiyo ofisi haina kitu."

"Basi hizi zirudi."

Mwenye duka akapiga kelele. "Bi mkubwa! Lori lingenishushia unga mlangoni! Sasa niubebe kichwani?"

"Wewe umebeba unga lini?" mzee mmoja akamuuliza. "Si hamali ndiye aubebaye?"

Wakacheka, ila kicheko cha shemeji sikukisikia. Mhandisi akaandika kauli yangu, akanisomea, kisha karatasi ikapitishwa chini ya pazia pamoja na kidau cha wino wa kidole gumba. Kidau nilikirudisha. Niliomba kalamu.

Fedha zikarudi. Masika yakaja na maji yake, na shemeji akapigana nayo kwa ndoo bila ya kunilaumu kwa neno moja, jambo lililonikera kuliko lawama.

Asubuhi eda yangu ilipokwisha, nilioga, nikavaa buibui, nikafungua mlango. Usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha. Njia ilikuwa mto. Juu ya baraza langu palipangwa magunia ya unga, na kando yake, mahali pa mume wangu, alikaa mwenye duka, suruali ameikunja hadi magotini.

"Bi mkubwa, Mungu akutakabalie eda yako," akasema, kisha akaonyesha maji kwa kidole. "Na huu ndio mtaro wako."

"Naona."

"Mtaa mzima hakuna pakavu ila hapa."

Nilitazama kule nilikotaka kwenda, kwa dada yangu, kisha nikatazama viatu vyangu vipya. Nikarudi ndani, nikateleka kahawa. Nilipomletea kikombe, alikuwa amesogeza magunia, akanipa nafasi. Katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kuketi barazani. Nikaketi.