Kona Aliyofia Mama

Mashine yenyewe ilikuwa kiti cha lori, usukani, pedali na skrini tatu kubwa, vyote vimefungwa kwenye chumba cha chini cha nyumba ya kupangisha pale Kawangware. Madereva waliiita gari ya TV. Kazi yangu ilikuwa kuwapokea, kuwafunga mkanda na kuwaomba waendeshe kama kawaida yao, jambo ambalo hakuna dereva anayelifanya akijua anatazamwa. Mainjinia walikuwa wanapima muundo wa barabara mpya ya mlimani, kona ikunje kiasi gani na kibao cha onyo kikae wapi, kabla tingatinga halijagusa udongo. Ili wapate cha kulinganisha, waliingiza pia barabara ya zamani kwenye mashine.

Mama alifia kwenye hiyo ya zamani.

Baba alikuwa anateremka na lori la mahindi, mama kando yake. Katikati ya kona moja ndefu lori likatoka barabarani. Baba alivunjika mguu, mama hakufika hospitali. Tangu hapo wajomba zangu wa Kitui hawajamwachia. Wanasema aliweka nyutro, ule mchezo wa madereva wa malori wa kuacha gari literemke lenyewe ili dizeli ibaki wauze. Baba husema alikuwa kwenye gia, ila kona ilimdanganya: unaingia ukiiona pana, halafu inakunja zaidi ukiwa ndani. Miaka yote anayouza makaa pale Soweto West, Kibera, huo ndio utetezi wake pekee. Mimi nilimwamini. Nilichotaka ni wajomba nao wamwamini, au angalau wafunge midomo.

Basi nilipoona madereva wazoefu, walioshika gia sawasawa, wakitoka nje ya mstari kwenye kona ileile mmoja baada ya mwingine, niliingia chooni nikalia kwa furaha. Injinia mkuu mwenyewe alikubali kwamba kona ile ina kasoro. Nilimpigia baba nikamwambia kona imepatikana na hatia.

Alikuja Jumamosi akichechemea, amevaa koti lake la kanisani kama mtu aliyeitwa kortini. Nilitaka aketi pembeni atazame wenzake wakishindwa, kisha nimpeleke tukanywe chai. Akakataa. Alisema hawezi kuja kutoka Kibera kuangalia TV.

Nilimfunga mkanda. Aliteremka polepole, midomo ameikaza. Kona ilipojitokeza alishusha gia mapema, akakata usukani kidogo, akangoja, akakata tena. Palepale mkono wake wa kushoto ukaachia usukani ukanyooka pembeni, kumzuia mtu asirushwe mbele. Pembeni kulikuwa na ukuta tu. Lori likatokea upande wa pili, ndani ya mstari wake, halijagusa kitu. Injinia alipiga makofi. Ningeweza kumnyonga.

Baba hakushuka. Barabara iliendelea kwenye skrini, imenyooka, naye akaiacha imalizike yenyewe.

"Kumbe inapitika," alisema.

Nilipiga magoti kando ya kiti nikamweleza kwamba kupita kwake hakuthibitishi lolote, kwamba wale wengine waliikuta kona kwa mara ya kwanza, na yeye amekuwa akiipita kitandani kila usiku tangu tumzike mama.

"Leo ulikuwa unajua inakuja, baba."

"Hata siku hiyo nilikuwa najua," alinijibu. "Hiyo barabara nilikuwa nimeizoea."

Nilifungua mkanda, nikamsaidia kushuka. Ile chai hatukuinywa.

Ripoti ilitoka baadaye, na barabara mpya haitakuwa na kona kama ile. Watu watateremka na wake zao na kufika nyumbani, nami nafurahi kwa ajili yao, kweli nafurahi. Lakini Pasaka wajomba walikuja kwetu, na kabla sahani hazijatolewa mmoja wao akaanza tena habari za nyutro. Nilikuwa tayari. Nilikuwa na maneno ya injinia mdomoni, nimeyapanga vizuri. Baba akainua kiganja kuninyamazisha.

"Labda mnasema ukweli," aliwaambia.

Yule mjomba aliyeanzisha maneno akaweka kijiko chini. Nadhani hakuwa ametaka kushinda.