Kitambaa cha Kukataza

Mkoa wetu ulikuwa mpya, umetoka tu kumegwa Arusha, na kila kona ya Babati ilikuwa inabandikwa kibao. Kikundi chetu cha kutarizi pale Maisaka nacho kikapata kazi ya kujivunia. Mtawa mmoja mgeni alituomba kila mwanamke atarizi kitambaa kimoja cha kupinga vita. Vingeunganishwa na vya wanawake wa nchi nyingine, vifunike kifaru kizima, si mnyama bali lile gari la jeshi lenye mzinga, katika uwanja wa mji wa kwao.

Nilikubali hata hajamaliza kusema. Kaka yangu alikwenda vita vya Uganda akiwa na miaka kumi na tisa, hakurudi. Tangu hapo nilikuwa na neno la kuviambia vita, ila sikuwa na pa kulisemea.

Lakini mkono una mazoea yake. Miaka yote tulikuwa tunatarizi vitambaa vya makochi, na maneno yake ni yale yale. Siku ya kukusanya, sita kati yetu, mimi nikiwemo, tulikuwa tumeandika KARIBU kwa herufi kubwa, na maua pembeni. Mtawa alicheka mpaka akavua miwani.

"Jamani, mnakikaribisha kifaru?"

Wenzangu nao wakacheka. Mimi nilikasirika, na nilijikasirikia mwenyewe zaidi. Nikakaa pale pale, nikafumua U ya mwisho, nikaweka IE, na mbele nikabananisha USI kwa uzi mwekundu. USIKARIBIE. Matundu ya ile U yalibaki yanaonekana, nikayaacha.

Mwenyekiti wetu hakupenda.

"Dada, kitambaa hakifukuzi mtu. Watatuona hatuna adabu. Andika Tunaomba Amani, kama wengine."

"Mimi siombi," nilimwambia. "Niliomba mwaka mzima kaka arudi. Sasa nakataza."

Akasema basi changu hakitakwenda, akakiweka kando kwenye benchi. Nikamjibu kwamba kisipokwenda, na mimi kikundi basi.

Mama yangu ndiye aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri, na kwa adabu hakuna aliyemfikia. Nilijua atanigombeza mbele ya watu. Alikichukua kile kitambaa, akapitisha kidole juu ya herufi moja moja, maana alikuwa anasoma taratibu.

"Wale askari wawili walioleta barua ya kifo cha mwanangu," akasema, "walipiga hodi, nikawajibu karibuni. Nikawapikia chai. Walipomaliza kunywa ndipo wakanipa barua."

Mama akamgeukia mwenyekiti.

"Hiki kitakwenda. Na changu nirudishie, nacho nimekiandika karibu."

Mwenyekiti akakitafuta kwenye rundo, akampa. Mama akakikunjua magotini, akaninyooshea mkono bila kunitazama.

"Lete huo uzi mwekundu."