Kitamutamu cha Mke Mwenza

Mpaka leo nikiona ute wa yai bichi, nageuza uso. Wajukuu husema bibi ana madeko. Si madeko. Ni kinyaa, na kilivyoanza nakumbuka vizuri.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mbeya. Mimi kwetu ni Nyololo, lakini niliolewa kwenye nyumba ya watu wenye asili ya pwani. Mume wangu alikuwa amekwenda Rujewa kununua mpunga, nyumbani tumebaki mimi na mama mkwe. Asubuhi ile alipanga mezani mayai, kopo la biskuti, kikapu cha pasheni na bakuli la malai ya maziwa, akasema tunatengeneza kitamutamu cha barafu. Alikuwa amekionja kwa jirani yetu, mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, na tangu hapo hatukupumua.

"Wageni wanatoka Iringa," akaniambia. "Watu waliozoea vitu vizuri. Wanakuja na binti yao nimwone. Umekaa mno bila mtoto, mkwe, usininunie. Tunakutafutia mwenzio."

Aliyasema hayo huku akininyooshea yai nipasue.

Sikununa. Nilikuwa na mimba. Hakuna aliyejua, hata mume wangu, kwa sababu zile za mwanzo nilizitangaza mapema na zote zikatoka. Bibi yangu alinionya: safari hii funga mdomo mpaka tumbo liseme lenyewe. Akanionya na mayai pia. Kwetu mwenye mimba hali yai, asije akazaa mtoto mwenye kipara. Mjini nilikuwa nimezoea kula yai kila asubuhi, basi nikaanza kumpa paka yai langu kwa siri.

Nikapasua. Ute ukaning'inia vidoleni kama kamasi. Nikaupiga kwa uma mpaka mkono ukafa ganzi, ukaumuka mweupe, unanuka shombo. Mama mkwe akamiminia malai, sukari na maji ya pasheni, akakoroga, akalamba kidole, akakirudisha kidole kilekile ndani ya povu. Nikageuka nikatazama ukuta.

Tukapanga biskuti kwenye sinia, tukamwaga povu juu yake, biskuti tena, povu tena. Kila tabaka lilipofunikwa nilishukuru, maana la chini sikuliona tena. Tukalipeleka sinia kwa jirani, kwenye friji lake linalotumia mafuta ya taa. Mlango ulipofunguliwa, harufu ya utambi, vitunguu na samaki wakavu ilinipiga usoni. Nilimeza mate machungu njia nzima ya kurudi.

Wageni walifika alasiri, mama na binti yake. Mama yule aliolewa na mfanyabiashara wa Iringa mjini, lakini yeye mwenyewe ni Mhehe kama mimi, na aliponisikia lafudhi akanisalimu kwa Kihehe, "Kamwene." Nikaitikia. Binti alikuwa mzuri, ameinamisha macho kwenye mkeka. Sikuona kosa lake, na hilo liliniudhi zaidi.

Desturi ya nyumba ile, aliyepika huonja kwanza mbele ya wageni, kuwatoa shaka. Mama mkwe akakata kipande. Yale matabaka yakajitokeza, njano, kahawia, njano, biskuti zimelowa zimekuwa uji. Akanipa kijiko.

"Onja, mkwe."

Povu likaanza kuchuruzika kwenye kijiko, likanifika kidoleni, baridi. Nikila, namdhuru mtoto. Nikikataa, namtangaza. Nilimchukia mama mkwe kwa moyo wangu wote.

"Sili mayai, mama."

"Tangu lini?" Alicheka, lakini macho hayakucheka. "Si unakula kila siku humu ndani? Unaniaibisha, mkwe. Wageni watadhani umetia kitu!"

Mama wa Iringa alikuwa ameshashika kijiko chake. Akakiweka chini.

"Kwetu, dada," alimwambia mama mkwe, "mke wa mtu akiacha mayai ghafla, haulizwi tangu lini." Kisha akanigeukia. "Ni kweli, binti?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Machozi yakanitoka kwa hasira, kwa kuwa onyo la bibi yangu lilivunjika kwa ajili ya sinia la povu.

Akajifunga kanga yake vizuri, akamgusa binti begani. "Inuka. Dada, umetuitia nini kwenye nyumba yenye mimba? Binti yangu simleti kwenye vita."

Wakaondoka bila kuonja. Mama mkwe kwa hasira akajaza kijiko, akala, akatema mlangoni. "Mbona kinanuka mafuta ya taa!" Akawamwagia kuku sinia zima, na kuku wakayala mayai yao wenyewe.

Aliporudi alikaa karibu yangu. Akanishika mashavu kwa vidole vinavyonata bado.

"Mwanangu," akasema. "Mwanangu wa kunizalia. Usiinue kitu humu ndani."

Nilipaswa kufurahi. Nilichefuka kuliko asubuhi nzima. Mdomo uleule ulioniagizia mke mwenza sasa ulikuwa unanibembeleza, na sukari bado iko kwenye kona zake.

Mtoto alizaliwa salama, nywele mpaka kwenye nyusi. Mama mkwe hakuniita mkwe tena. Aliniita mwanangu mpaka anakata roho. Na kila aliponiita, nilinusa mafuta ya taa.