Msusi wa Kimbo na Kijana Aliyeachwa

Msusi aliyepanga duka kwenye jengo langu la mtaa wa Kimbo, Ruiru, amefariki. Tangu nipate habari hiyo, kila nikifumba macho naiona mikono yake ikipanda na kushuka taratibu, kana kwamba inasuka hewa. Wasomaji wangu wanajua nilirudi kutoka Ghuba na jasho langu, nina diploma ya umeme, na jengo lile sikumwachia fundi mwingine hata soketi moja. Siku ninayoikumbuka nilikuwa juu ya ngazi nikimfungia taa, mvua ikinong'ona kwenye mabati.

Aliingia binti wa sekondari aliyekuwa likizoni, alama za vidole zikiwa shingoni. Aliomba anyolewe nywele zote.

"Nani ametaka?" msusi akauliza.

"Chali yangu, Anti. Anasema nikisukwa wengine wataniangalia."

Huyo chali, mpenzi wake, alikuwa mlangoni, mwembamba, wa rika lake, akichungulia. "Akipendeza ataniacha," akasema, sauti ikikwaruza.

"Akitaka kukuacha, baba, ataondoka hata na kipara!" msusi akamjibu. Duka zima likacheka. Msusi akamketisha kijana kwenye stuli karibu yake, akampa fungu la rasta, zile nywele za kuongezea, awe akimpa kidogo kidogo, akaanza kumsuka binti. Alasiri ikaelea katika harufu ya mafuta na mvuke. Rasta zilipita kutoka vidole vya kijana hadi vya msusi, na kwa muda nilisahau kwamba vidole vya kijana ndivyo vilivyoacha zile alama.

Kisha binti akasema, macho kwenye kioo: "Tumeachana. Usinifuate tena."

Kijana akasimama, ngumi imekunjwa. Vitana vikasimama hewani. Nikashuka ngazi. Msusi hakugeuka hata kidogo. "Keti. Kichwa hakijaisha. Nipe nywele."

Akaketi. Akalia waziwazi, huku akitoa rasta, mpaka msuko wa mwisho. Msusi akafunga duka mapema, akamsindikiza binti hadi kwa mamake, akamweleza mama yote.

Mimi hupenda kuwahadithia vijana wa Thika na Ruiru nilivyoshinda maisha, na sitaacha, maana nimeshinda. Lakini tunawafunza wavulana kushinda mitihani, mechi na kazi, halafu hakuna anayewafunza kuachwa. Mvulana asiyejua kuachwa huishika shingo ya mwenzake akidhani ameshika mapenzi. Afunzwe mapema kwamba kuachwa kunauma, na kwamba mtu anaweza kuketi na maumivu hayo, alie, na mikono yake isimguse yeyote.