Shujaa wa Mjomba Nkusi

Mjomba wangu Nkusi anauza sweta za mitumba hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na kwa maoni yangu angeishia hapo hapo kwenye sweta. Bahati mbaya, alipokwenda Mbarara kuchukua mzigo, akakuta kitabu kikuukuu cha mashairi ya Waingereza wa kale, ya mashujaa waliovaa chuma mwili mzima na kuzurura juu ya farasi. Kiingereza alichojifunza kambini kilimtosha. Tangu hapo, anayekuja kununua sweta husimuliwa kwanza.

Na watu wanapenda, hilo sibishi. Mtu kaacha kwao, analala kwa wageni, kila lango anaulizwa ametoka wapi. Nakivale nani asiyejua habari hiyo? Hata wamama wa kwaya huacha maharage yaungue.

Mimi nilimtaka Vestine, binti wa mzee Rwakabuba anayefuga upande wa Ngarama. Kwetu wafugaji wa Kivu ya Kusini, anayeoa hajisemei. Husemewa, na msemaji huanza kwa kuwasifu ng'ombe watakaotolewa, kila mmoja kwa jina lake, mpaka baba wa binti alegee. Kwa ulimi hakuna wa kumfikia Nkusi, basi nikampa kazi.

Siku ya posa, nyumbani kwa Rwakabuba, tukaomba Mungu, tukanywa maziwa, mjomba akasimama. Akamsifu farasi.

Nilidhani ni utangulizi. Akaendelea: shujaa wake aligawa mifugo yote kwa maskini, akaingia msituni peke yake, na kwa yule bibi aliyempenda hakuomba kitu ila kitambaa cha kichwa. Nikamvuta koti. Akanisukuma mkono.

Rwakabuba alisikiliza mpaka mjomba alipotua, kisha akasema kwa upole, "Muzee Nkusi, tumesikia. Muko na farasi, ngombe muligawia batu, na munaomba kitambaa. Kitambaa tutakupatia. Mutoto anabakia."

Nilitamani ardhi inimeze. Naye hakuwa amemaliza. "Lakini urudiye siku ya Mungu. Ule wa farasi tumemuacha mu pori."

Amerudi kila Jumapili tangu hapo, na hadithi haimalizi, mjanja yule, maana anajua ikiisha na maziwa yameisha. Mimi humfuata, la sivyo Vestine nisingemwona. Hukaa kando ya mama yake, macho yote kwa mjomba. Juzi shujaa alijeruhiwa, Vestine akalia waziwazi. Nilipokataliwa mimi hakutoa chozi, na hilo liliniuma sana.

Nikamsubiri nje. Nikamwambia ng'ombe wapo, nitawaleta mwenyewe, nitawasifu mwenyewe, desturi ikipinga ipinge.

"Najua ngombe iko," alisema Vestine. "Ila ule aliombaka kitambaa tu. Weye utaomba chakula, utaomba maji ya kuoga, utaomba batoto."

Nilikuwa nimepanga kuviomba vyote.